Sitaha si Sakafu: Kung'oa na Kuimarisha Sitaha ya Boti ya Faiba

Ukipanda boti kuukuu ya faiba, mguu huwahi kupata habari kabla ya macho. Rangi bado inang'aa, lakini karibu na usukani, au pale abiria wanaporukia kutoka gatini, unyayo unadidimia kidogo kisha unarudishwa, kama mtu aliyekanyaga godoro lililofunikwa mkeka. Mwenye boti anajua maana yake, na mawazo yake hukimbilia dukani: plaiwudi mbili, kopo la rezini, pakiti ya skrubu, fundi wa siku mbili. Ushauri wangu ni kwamba usianzie huko. Plaiwudi ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika kazi hii, na boti nyingi zilizobadilishiwa sitaha hurudi kulainika baada ya masika machache kwa sababu plaiwudi ndiyo pekee iliyoshughulikiwa.

Kosa hili lina asili yake, wala si la kijinga. Ufundi wa vyombo katika mwambao wetu ulikulia kwenye mbao. Katika dau au jahazi nguvu iko kwenye mkuku, mataruma na mbao za ubavuni zilizopigwa misumari na kukalafatiwa. Mbao zinazolazwa ndani kwa ajili ya kukanyagia unaweza kuziinua ukatoa maji ya ngama, ukazirudisha, na chombo hakina habari. Boti ya faiba haijajengwa hivyo. Ganda lake ni la milimita chache tu, na kinacholizuia lisipinde ni muungano wa vitu vitatu: ganda lenyewe chini, maboriti ya urefu yaliyogandishwa juu yake, na sitaha iliyogandishwa juu ya maboriti. Vitatu hivyo vikishikana vinakuwa sanduku. Ondoa kifuniko cha sanduku la kadibodi uone linavyopindika mikononi, na utakuwa umeelewa kinachotokea kwa boti iliyokatwa sitaha ikiwa imeachwa juu ya trela.

Sitaha yenyewe nayo ni sanduku dogo. Kwa kawaida ina ngozi ya faiba juu, kiini cha plaiwudi katikati na ngozi nyingine nyembamba chini. Ngozi hubeba mvuto na mgandamizo, kiini kinazitenganisha na kuzizuia zisiteleze. Unene ndio unaoleta ugumu: kitu kile kile kikinenepa maradufu, ukinzani wake dhidi ya kupinda unakuwa mara nane. Kwa hiyo ngozi mbili za milimita tatu zilizotengwa na kiini kizima ni sitaha imara, na ngozi hizo hizo zikiwa na uji wa mbao katikati ni karatasi mbili zinazoteleza. Mfano wa mbali zaidi wa mantiki hii ni Boston Whaler, boti ya futi 13 aliyoitoa Richard Fisher huko Marekani mwaka 1958. Ndani na nje yake ni ngozi mbili zilizojazwa povu gumu lililoshika pande zote mbili, na mwaka 1961 picha zilimwonyesha akiwa ameketi ndani ya boti hiyo majini huku ikikatwa vipande viwili kwa msumeno, na kila kipande kikiendelea kuelea. Katika boti kama hiyo hakuna sitaha ya kung'oa peke yake. Ukiing'oa umechana mwili. Nyingi ya boti za mita tano hadi saba zinazofanya kazi ya uvuvi na watalii hazikufika mbali hivyo, lakini zinatoka katika ukoo huo.

Basi anza kwa kutafuta njia ya maji. Chukua mpini wa bisibisi, gonga sitaha kila baada ya kiganja kimoja, ukisikiliza. Penye afya panalia *ko, ko*, sauti kavu na fupi. Palipooza panajibu *pu*, kama kugonga papai bivu. Chora mpaka kwa kalamu ya wino. Halafu toboa vitundu vya milimita tano ndani ya mpaka na nje yake, bila kupitiliza upande wa chini, na uangalie unga unaotoka kwenye keekee. Unga mweupe unaopeperuka ni mbao nzima. Unga wa kahawia unaonata kidoleni una maji, na mara nyingi hupatikana sentimita ishirini au thelathini nje ya pale ulipodhani ugonjwa umeishia. Ramani ikikamilika, utaona karibu kila mara kwamba madoa yanazunguka kitu fulani kilichofungwa kwa skrubu: miguu ya kiti, kishikio cha kamba, mfuniko wa tangi. Mtu alitoboa plaiwudi, akaweka skrubu na silikoni kidogo, akaenda zake. Silikoni ilichoka, tundu halichoki.

Na maji hayo mara nyingi si ya bahari. Kuvu wanaoozesha mbao wanataka hewa, joto na unyevu. Ubao ulio chini ya asilimia 20 ya unyevu huwashinda, ukifika karibu asilimia 30 wanastawi. Chumvi huwapunguzia kasi, mvua haiwapunguzii chochote. Ndiyo maana boti iliyopumzishwa masika yote chini ya mwembe bila turubai, plagi ya kutolea maji ikiwa imefungwa, inaweza kuharibika kuliko ile iliyokuwa ikitoka baharini kila siku.

Hapo ndipo mtu huuliza: kwa nini nisilaze plaiwudi mpya juu ya ile ya zamani, nikaifunika faiba? Hesabu. Plaiwudi nyepesi ya baharini ya milimita 12, ya futi nne kwa nane, ina uzito wa kilo 18 hivi ikiwa kavu. Ile ya zamani chini yake ikinyonya maji sawa na uzito wake inafika 36, na kuvu wako humo humo. Umeongeza mzigo juu bila kuondoa mzigo chini, na ngozi mpya haijashikana na maboriti. Imekaa juu ya uji. Njia ya pili inayopendwa, kutoboa vitundu vingi na kuingiza epoksi kwa sindano, ina ukweli kiasi fulani. Doa la ukubwa wa sahani, lililokauka kabisa na lenye mpaka unaojulikana, linaweza kutibiwa hivyo. Lakini epoksi haifukuzi maji kwenye mbao iliyoloa. Hupita penye wepesi, ikaacha mifuko ya unyevu kati ya vinundu vigumu. Kwa sitaha iliyolainika robo au nusu, hiyo ni kununua msimu mmoja kwa bei ya epoksi.

Umeshaamua kukata. Usiguse msumeno bado. Shusha mashine kwanza, kwa kuwa mashine ya nguvu za farasi 90 ya stroki nne ina kama kilo 160 zinazoning'inia kwenye ukuta wa nyuma, na ukuta huo nao umeshikwa na sitaha. Toa petroli yote na uache ngama wazi ipate upepo; mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini kabisa, pale pale cheche za grenda zitakapoangukia. Kisha ikalishe boti. Trela hubeba kwenye mistari miwili tu, na hiyo haitoshi: weka magogo na kabari chini ya mkuku kila mita moja hivi, chini ya mistari ya maboriti, na chini ya pembe mbili za ukuta wa nyuma, ukiongeza kabari mpaka kila tegemeo linabeba bila kusukuma. Chukua ubao mnyoofu wa mita mbili, uubandike chini ya boti kwa urefu kuanzia ukingo wa nyuma kuelekea mbele, upande wa kulia na wa kushoto, ukimulika tochi upande wa pili. Katika boti nyingi za kasi sehemu hiyo inapaswa kuwa nyoofu. Mwanga ukipenya katikati, pamebonyea kwa ndani, na boti itainamisha pua. Ubao ukicheza kwenye kitumbo, pua itaruka-ruka. Sasa vuta kamba za pembe kwa pembe juu ya boti, pima urefu wake, weka pima maji kwenye ukuta wa nyuma na kwenye kingo, na andika kila namba kwa wino ubavuni mwa boti yenyewe. Daftari hupotea.

Mtu atasema huu ni uangalifu wa kupita kiasi kwa boti ya kazi. Ungekuwa hivyo kama kosa lingerekebishika baadaye. Tatizo ni kwamba sitaha mpya ikishagandishwa juu ya ganda lililopinda, inafunga upinde ule moja kwa moja. Boti itakula mafuta zaidi na kuvuta upande mmoja, na lawama itaenda kwa mashine au propela. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi kuona sitaha nzima imeng'olewa kwa mchana mmoja. Ikiwezekana fungua nusu, ya mbele au ya nyuma, umalize kazi ya chini na kuifunga kabla ya kwenda nusu nyingine. Inapolazimu kufungua yote, pigilia mbao za muda za kuvuka kutoka ukingo hadi ukingo.

Ukataji wenyewe hauna mengi. Seti msumeno wa duara upite ngozi ya juu na kiini tu, usiguse maboriti wala mabomba ya nyaya, na acha ukingo wa sentimita tano hadi saba pembeni mwote. Ukingo huo ni kumbukumbu ya kimo cha sitaha na pia kiti cha kuungia. Ngozi ya juu ikitoka nzima, itunze, maana inaweza kurudishwa juu ya kiini kipya na ukaokoa faiba nyingi. Kuhusu vumbi, kitambaa mdomoni hakizuii kitu. Vaa barakoa ya chujio, miwani, mikono mirefu, na usisagie ufukweni mahali watoto wanapocheza au nyavu zinapoanikwa.

Sitaha ikiondoka utaona kilichokuwa kikiiozesha kutoka chini. Tazama kwanza vitundu vya kupitishia maji ya ngama katika maboriti na viunzi. Kiwandani vilitobolewa kwenye mbao iliyovikwa faiba, na mara nyingi hakuna aliyerudi kuziba mbao iliyobaki wazi ndani ya tundu. Miaka yote hiyo maji yamekuwa yakipita yakilambisha mbao. Penye boriti zima, panua tundu, lipake epoksi ndani mara tatu au gandisha kipande cha bomba la plastiki. Penye boriti lililooza, usifikiri kulikwangua juu-juu. Kuna boti ambazo mbao ya boriti ilikuwa kalibu tu na faiba iliyoizunguka ndiyo inayobeba, na kuna nyingine faiba ni shuka jembamba na mbao ndiyo kila kitu. Pima unene wa faiba kabla ya kuamua. Milimita moja au mbili haiwezi kusimama yenyewe. Tangi la alumini lililozamishwa kwenye povu lililoloa litoe sasa, ulikague chini. Hutapata nafasi nyingine rahisi kama hii.

Povu nalo lina ubishi wake. Limelowa, lina uzito, limeozesha maboriti, kwa hiyo wengi hulitupa na kuacha vyumba vitupu. Hasira hiyo naielewa, ila povu halikuwekwa kwa bahati mbaya. Lita moja ya povu kavu inaelea na karibu kilo moja, na sheria za Marekani zinataka boti nyingi za mashine za chini ya futi 20 zibaki zikielea hata zikijaa maji. Boti inayobeba watu kwenye mkondo wa Nungwi au Lamu haina sababu ya kuwa na haki ndogo zaidi. Rudisha povu la seli zilizofungwa, lakini acha njia ya maji chini yake, kwa mfano bomba la plastiki lililopasuliwa nusu na kulazwa kifudifudi juu ya mkuku, ili maji yakiingia yatiririke hadi nyuma badala ya kukaa.

Tukija kwenye vifaa, plaiwudi yenye alama BS 1088 inaahidi gundi isiyoachia maji na tabaka zisizo na mapengo ndani, haiahidi kutooza. Mti wa okume unaotumika sana kuitengeneza ni mwepesi na mzuri, na huoza upesi ukiachwa uloe. Maana yake ni kwamba pesa ya plaiwudi ghali inapotea kama hukuziba kingo. Plaiwudi ya kawaida ya ujenzi yenye gundi ya nje inaweza kufaa kwenye boti ndogo ikiwa haina mapengo. Kata kipande, kichemshe, kikaushe, uone kama tabaka zinaachana.

Ubishi mkubwa ni wa rezini. Poliesta ni rahisi kwa bei, boti yenyewe ilijengwa kwa poliesta, kwa nini nilipe mara kadhaa kwa epoksi? Hoja hiyo ni nzuri, na jibu lake linategemea wakati. Kiwandani tabaka moja liliwekwa juu ya jingine kabla halijakauka kabisa, yakashikana kama kitu kimoja. Wewe unaweka rezini mpya juu ya faiba ya miaka thelathini, na juu ya mbao. Hapo poliesta inashika kwa mikwaruzo tu, na kwenye mbao inashika vibaya. Epoksi ni gundi. Pesa ikiwa ndogo, tumia epoksi kwenye maungio yote na kwenye mbao, usiirudie poliesta juu yake, kwa kuwa poliesta haikauki wala kushika vizuri juu ya epoksi, na umalizie kwa rangi ya poliyurethani badala ya gelkoti. Chagua pia nguo inayofaa. Mkeka wa kawaida wa nyuzi zilizokatwa umeshikanishwa kwa unga unaoyeyushwa na kemikali iliyo kwenye poliesta. Kwenye epoksi hauyeyuki, mkeka unabaki mgumu na mweupe. Tafuta nguo iliyoshonwa kwa uzi.

Kuna tabia moja ya mafundi wa poliesta inayoua kazi za epoksi. Kwenye poliesta hadena ni asilimia moja hadi mbili, na siku ya joto fundi anapunguza, siku ya baridi anaongeza. Epoksi haikubali mchezo huo. Uwiano ulioandikwa kwenye kopo ni sehemu ya gundi yenyewe, na tone la ziada la kuharakisha huacha kitu kama mpira kisichokauka daima. Ukitaka muda zaidi kwenye joto la kaskazi, nunua hadena ya polepole, na ukishachanganya mimina kwenye sinia pana mara moja. Ikiachwa ndani ya kopo refu inajichemsha, inafuka moshi, na umepoteza kilo nzima. Hadena ya poliesta kwa upande wake inaweza kupofusha jicho kwa tone moja, hivyo miwani si ya kusagia tu.

Kuimarisha, sasa. Wengi huelewa neno hilo kuwa ni kunenepesha: plaiwudi ya milimita 18 mahali pa 12. Uzito huo unakaa juu, unapunguza uthabiti wa boti ndogo, na hauondoi chanzo, yaani maungio. Ni bora plaiwudi ile ile, iliyovikwa faiba pande zote mbili, ikilazwa juu ya boriti za kuvuka kila sentimita 40 hivi, na nene zaidi mahali pachache tu panapopigwa: chini ya usukani na pale watu wanaporukia. Upande wa chini upake na kuvika faiba kabla ya kulaza, na kingo zote zinywe epoksi mpaka zikatae. Upakaji huo fanya alasiri. Asubuhi joto linapopanda, hewa iliyo ndani ya mbao inatanuka na kusukuma vipovu kwenye epoksi mbichi. Joto likishuka, mbao inaivuta epoksi ndani. Usichelewe hadi umande.

Vichwa vya maboriti vipakwe pati ya epoksi kwa mwiko wenye meno wa mafundi wa vigae, ili kila mstari ukutane na plaiwudi bila pengo. Toboa vitundu vya milimita tatu hapa na pale katika plaiwudi. Pati ikichungulia kwenye tundu, pale chini pameshika, na tundu lisilotoa kitu linakuonyesha penye hewa. Kandamiza kwa mifuko ya mchanga. Skrubu zikitumika ni za kushikilia tu, zing'olewe kesho yake na matundu yazibwe. Pembeni, sitaha inapokutana na ubavu, jaza kona kwa pati na uiviringishe kwa mgongo wa kijiko, kwa sababu nguo ya faiba haipindi kwenye kona kali bila kuacha hewa nyuma yake. Penye ukingo ulioachwa, saga mteremko wa mara kumi na mbili ya unene: ngozi ya milimita nne inataka milimita 48. Mteremko mfupi utaonekana vizuri siku ya kwanza na kupasuka mstari mzima siku ya mawimbi. Kabla ya kila tabaka jipya juu ya epoksi iliyokauka, osha kwa maji utelezi unaobaki juu, kisha piga msasa.

Vifaa vilivyosababisha yote haya rudisha mwishoni. Kwa bolti ya milimita nane toboa tundu la kumi na sita, lijaze pati, likikauka litoboe tena la nane katikati. Sasa hata silikoni ikichoka, maji hayagusi mbao. Weka mifuniko miwili au mitatu ya kukagulia ngama. Mimina ndoo ya maji sitahani, ingiza tochi kwenye mifuniko hiyo, subiri nusu saa. Kukiwa kukavu, toa kabari moja moja kuanzia mbele, urudishe ubao wa mita mbili chini ya boti, uvute tena zile kamba za pembe kwa pembe, na ulinganishe na namba zilizoandikwa ubavuni. Zikikubaliana, mashine inaweza kurudi.